Mfarishi wa Justina na Mikasi ya Jumatano

Lindental, Kansas
12 Oktoba 1957

Mwanangu Lorene,

Watu wengi wakitia kiraka kwenye suruali hufanya kosa moja: hukata kiraka kinachotosha tundu tu. Nalisema hili kabla ya salamu kwa sababu najua barua zangu huzisoma mkiwa mezani, na ningependa Harold alisikie kabla hajainuka na hiyo suruali yake. Nguo iliyotoboka goti haikuchakaa mahali pamoja. Pembeni mwa tundu nyuzi zimeshachoka, ila hazijasema. Ukishonea kiraka juu ya nyuzi zilizochoka, baada ya wiki kiraka kitakuwa kizima na suruali itakuwa imekatika kukizunguka. Kata kikubwa, ufike penye kitambaa chenye nguvu, kunja kingo ndani, kisha shona. Kuhusu rangi usisumbuke. Ng'ombe hawaangalii.

Sasa salamu. Hatujambo. Ngano imepandwa na mvua imekuja kwa adabu. Binamu yako Cornelius amechinja nguruwe mapema mwaka huu, akaniletea soseji nyingi kuliko meno yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Nimemaliza kuunganisha viraka vya mfarishi wa Verna. Vyote vimetoka kwenye magauni ya mama yako, kama alivyovikata mwenyewe akiwa kitandani mwaka ule wa mwisho, akisema ni vya mjukuu wake siku atakayoolewa. Lile gauni la buluu lenye vidoto vyeupe, alilovalia kanisani tangu wewe mdogo, nimeliweka katikati. Jumatano ijayo tunautandaza kwenye fremu katika chumba cha chini cha kanisa: viraka juu, pamba katikati, kitambaa cheupe chini, na kikundi kizima cha akina dada kuuzunguka, tukishona kwa mkono hadi matabaka yote matatu yashikane. Unajua kwetu mfarishi haushonwi na mtu mmoja. Lakini hiyo buluu ya katikati nitaishona mimi mwenyewe. Justina alikuwa mdogo wangu.

Mama yako mkubwa,
Aganetha Buller


Dallas, Oregon
3 Novemba 1957

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma mezani kama ulivyobashiri, na Harold aliisikia akiwa amesimama mlangoni. Kiraka nimekikata kikubwa kutoka kwenye pazia la zamani la jikoni, la kijani. Harold anasema, "Mwambie Mama Mkubwa ng'ombe hawaangalii, lakini mwenye lori la maziwa anaangalia, na ana mdomo." Kikapu changu cha nguo za kushonwa kimejaa mpaka paka amehamia humo, na sasa nikitafuta soksi nakutana na kucha.

Harusi ni tarehe 14 Juni. Mama yake Leland, mchumba wa Verna, ameshanunua tandiko la kitanda la dukani. Ni la nailoni, la waridi, linang'aa. Alilileta mwenyewe na kulitandaza kwenye kitanda cha Verna ili tulione. Harold alikaa juu yake kwa heshima, akateleza, akajikuta sakafuni. Verna alishukuru vizuri. Halafu alinifuata jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wa Bibi utafika lini?" Nilimwambia utafika kabla ya harusi. Tafadhali usinifanye mwongo.

Kuhusu sehemu ya katikati, Mama Mkubwa, kwa nini ujichoshe? Wewe ndiye mkubwa wa kikundi. Kaa kwenye kiti kizuri usimamie. Helena Koehn ana mkono mwepesi, mwachie yeye. Ni wazo tu.

Mwanao,
Lorene


Lindental, Kansas
5 Desemba 1957

Mwanangu Lorene,

Nimefurahi kusikia kwamba kiraka kimeshika. Mwambie Harold kijani ni rangi ya unyenyekevu. Huku tu wazima, ila Cornelius ameanguka kutoka kwenye trekta lililosimama. Nimemweleza namna ya kushuka.

Wazo lako kuhusu Helena nimelisoma. Helena nilimfundisha darasa la kwanza, na hadi leo akiandika herufi zinatoroka mstari. Katikati nashona mimi.

Tatizo liko kwingine. Mchungaji wetu mpya amekuja na mke, Dada Selma, mtu wa mjini, mkarimu sana, anayetengeneza keki ya tufaha ambayo siwezi kuilaumu. Anataka kushona nasi. Mtoto, mishono yake! Mirefu kiasi kwamba ukilala chini ya mfarishi ule, kidole cha mguu kitanasa uzini na utaamka umefungwa kama ndama. Mshono wa mfarishi, nikueleze, unatakiwa uwe mfupi na unaolingana, sindano ishuke wima na mkono wa chini uipokee. Jumatano ya kwanza nilijaribu kumrekebisha kwa upole.

"Dada Selma," nikamwambia, "mkono wako una mwendo."

"Ee, Mwalimu, namshukuru Mungu," akajibu, akaongeza mwendo.

Basi tumefanya kama wanavyofanya watu wenye upendo. Saa tisa Selma huaga, akampikie mchungaji. Akishafunga mlango, Helena huchukua mkasi mdogo, wengine huvuta viti, na tunafumua kila alichoshona, kisha tunakishona upya. Hatusemi neno. Kumwambia ingekuwa ukatili. Saa kumi Cornelius hunijia na gari, nami huwaacha wenzangu wakimalizia.

Wako,
Aganetha


Dallas, Oregon
9 Januari 1958

Mama Mkubwa mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Tumepata mafua nyumba nzima na paka pia. Shuka zangu mbili zimechanika katikati kabisa, pale mwili unapolala, na pembeni bado nzima. Nizitupe?

Nilimsomea Harold habari za Selma, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Yaani mnashona mchana na kufumua alasiri? Huo mfarishi utakuwa tayari Verna akiwa bibi." Mimi sikucheka sana. Mama Mkubwa, gauni lile lilifuliwa miaka yote ya utoto wangu. Kitambaa ni laini kama ngozi ya sikio. Kila mkifumua mnaacha matundu, na mkishona upya mnaongeza mengine. Mwambieni huyo mama! Hatakufa. Mwambie, "Dada, fupisha mshono." Maneno matatu.

Na tafadhali, nakuomba tena, buluu ya katikati mwachie Helena. Mama alipokuwa hai, kila Jumatano jioni alikuwa

Maziwa yalichemka yakamwagika. Nimesahau nilikuwa naandika nini.

Lorene


Lindental, Kansas
20 Februari 1958

Mwanangu Lorene,

Usitupe shuka! Zikate kwa urefu palepale zilipochanika, kisha geuza: zile kingo nzima za pembeni ziwe katikati, uziunganishe kwa mshono bapa, na sehemu iliyochoka iende pembeni, ambako kazi yake ni kuning'inia tu. Pinda kingo upya. Usiku wa kwanza Harold atalalamika kuhusu mshono mgongoni. Wa pili atazoea. Marehemu baba yako mkubwa alizoea vitu vikubwa zaidi ya hivyo.

Theluji imetufungia, na Jumatano mbili hatukukutana. Pengine hayo ndiyo maendeleo pekee tuliyoyapata, maana angalau hapakuwa na kufumua.

Unasema nimwambie Selma. Fikiri, mtoto. Babu zetu, kwa ajili ya imani, walihama Prussia wasishike bunduki, wakahama Urusi wasishike bunduki, wakavuka bahari na mbegu za ngano kwenye masanduku. Watu waliokwenda mbali hivyo wasimwumize mtu hawawezi kumtazama mke wa mchungaji usoni na kumwambia mishono yake ni mirefu. Nilimpa kazi ya kahawa ili mikono yake ishughulike. Akaipika haraka, kahawa nzuri, akarudi na kushona. Nikamwomba atusomee zaburi tukishona. Akasema anazijua kwa moyo, akazisoma huku anashona.

Nakiri buluu inaanza kulegea, maana mishono ya Selma hufika hadi ukingoni mwake. Juzi Helena alivuta uzi, na kidoto kimoja cheupe kikatoka nao. Tulitazamana. Wala si huko kwa Selma tu. Kuna jambo silielewi. Kila Jumatano nikifika na kukaa mahali pangu pa katikati, nakuta nimeshona kidogo kuliko nilivyokumbuka, na kitambaa pale kina vitundu vitundu kama kimeumwa na wadudu. Pengine ni taa za chumba kile.

Uliandika "kila Jumatano jioni" ukakatiza kwa maziwa. Kila Jumatano jioni nini?

Aganetha


Dallas, Oregon
11 Machi 1958

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo. Shuka moja nimegeuza. Harold amelalamika usiku wa kwanza na wa pili.

Kuhusu Jumatano, sikumbuki. Utume mfarishi kama ulivyo, hata kama haujamalizika. Nitaumalizia mwenyewe. Tafadhali.

Lorene


Lindental, Kansas
24 Aprili 1958

Lorene,

Sikukujibu mwezi mzima kwa sababu nilikasirika. Utume kama ulivyo! Mfarishi usiomalizika si mfarishi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu hilo. Sitayaandika.

Jana saa kumi Cornelius alinichukua kama kawaida. Tulipofika kwenye kona ya ghala nikakumbuka nimesahau sufuria langu la supu ya kabichi. Nikamwambia ageuze gari. Nikashuka ngazi za chumba cha chini polepole, kwa sababu ya goti, na hawakunisikia.

Selma alikuwepo. Selma, ambaye huaga saa tisa! Alikuwa amekaa mahali pangu, ana mkasi mdogo mkononi, anafumua buluu ya Justina.

"Hii leo imekwenda kombo kuliko ya wiki jana," alikuwa akisema.

"Fumua taratibu," Helena akamwambia. "Kitambaa kinakwisha. Na acheni mishono miwili mitatu pale mwanzoni, asije akashtuka."

"Maskini Mwalimu," akasema Selma. "Na anavyojitahidi."

Nilisimama hapo kama mtoto aliyechelewa shule. Hatimaye mmoja akaniona, akapiga yowe dogo. Helena akaficha mkasi chini ya fremu, kana kwamba mimi ndiye bado mwalimu wake na ule mkasi ni peremende.

"Tangu lini?" nikauliza.

Wote wakainamia fremu.

"Helena Koehn, nimekuuliza swali."

"Tangu zamani, Mwalimu," akasema akitazama sakafu. "Tangu sisi wasichana. Justina ndiye aliyetuonyesha. Alisema tukupende hivyo."

Sijivunii nilichofanya baadaye. Nilimgeukia Selma nikasema, "Na wewe, wamekuambia ya kwako tunaifumua saa tisa na dakika tano?"

Laiti ungeuona uso wake. Alimtazama Helena, na Helena akatazama dari. Wengine walipata ghafla shughuli na kastabani zao za kushonea, wakizivua na kuzivaa kama vidole vimeota vipya. Selma akaweka mkasi chini, akachukua koti lake na sufuria langu, akanishika mkono, tukapanda ngazi pamoja. Tukakaa kwenye gari la Cornelius. Tukamwambia Cornelius akatembee.

"Ni mibaya sana?" Selma akaniuliza.

"Mirefu. Na yangu?"

"Imepinda, Mwalimu."

"Imepinda vipi? Eleza vizuri."

"Inaanza kwenye mstari," akasema, "halafu inaenda kutembelea watu."

Kisha akaangua kicheko, yule mwanamke, na machozi yakimtoka, nami sikucheka. Labda kidogo.

Sasa nakuuliza, na safari hii usiniambie habari za maziwa. Ulijua?

Aganetha


Dallas, Oregon
6 Mei 1958

Mama Mkubwa wangu,

Nilijua.

Kila Jumatano jioni Mama alikuwa anarudi kanisani na mimi nikimfuata nimeshika mfuko wa mikasi. Alikaa mahali pako akafumua huku anaimba tenzi. Siku moja nikamwuliza kwa nini asikuambie. Akasema, "Dada yangu amenifundisha kusoma, kuhesabu, kuoka mkate na kusali. Nianze mimi kumwambia hawezi kushona?" Akanitolea macho. "Na wewe chunga ulimi wako." Nimeuchunga mpaka leo, na ona ulivyotufikisha.

Ndiyo maana nilikusumbua na habari za Helena. Si kwamba sikutaka mkono wako. Nilijua kwamba ukikaa katikati, watafumua katikati, na nilijua gauni lile haliwezi kuvumilia. Nikaona aibu kukuambia, nikaona heri nikuudhi.

Verna amezisoma barua zote. Ameziona kwenye kikapu, chini ya paka. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema, "Mama, wanamfumua Bibi. Kila Jumatano anapungua kidogo. Waambie waache." Nikamwambia mishono mirefu na iliyopinda haitapendeza mbele ya wakwe. Akanijibu, "Wakwe wanalala kwao." Huyu mtoto sijui kamrithi nani, au najua.

Kwa hiyo hili si ombi langu, ni la bibi harusi: mtu yeyote asifumue tena hata mshono mmoja. Ukija umepinda, uje umepinda. Zimebaki wiki chache tu, Mama Mkubwa. Nisamehe.

Mwanao,
Lorene


Lindental, Kansas
30 Mei 1958

Mwanangu Lorene,

Salamu nyingi. Ngano inageuka rangi, na Cornelius ameanza kushuka kwenye trekta kinyumenyume, kama nilivyomwelekeza, na haanguki tena.

Barua yako nilikisomea kikundi kizima, pamoja na sehemu ya Verna, nayo niliirudia. Halafu nikawaambia: kuanzia leo mikasi ya kufumua iko mfukoni mwangu. Atakayekuwa na neno kuhusu kazi ya mwenzake amwambie yeye mwenyewe, akiwa hapo, kahawa ikiwa bado ya moto.

Lorene, sikujua tulichokuwa tumekilimbikiza. Walianza na mishono, wakahamia kwingine. Helena aliambiwa kwamba anapoimba sauti ya pili anaimba wimbo mwingine. Mmoja akaambiwa mikate yake midogo ya Jumapili ni mawe. "Mbona mnarudisha sahani tupu?" akauliza. "Kwa sababu kuku wetu wana meno," akajibiwa. Mimi niliambiwa kwamba naeleza sana. Nikaanza kueleza kwa nini, wakacheka wote kwa pamoja, kwa hiyo nikaona wana uzoefu wa kulisema jambo hilo bila mimi kuwepo. Mchungaji alisikia kelele akashuka hadi ngazi ya tatu, akatutazama, akapanda tena. Wawili walirudi nyumbani wamenuna. Mmoja hajarejea bado. Sikudanganyi kwamba palikuwa pazuri.

Lakini tulishona. Ajabu ni jinsi kazi inavyokwenda mbele isiporudishwa nyuma. Jumatano hii tulikata uzi wa mwisho, na Helena, mimi na Selma tukapinda kingo.

Sasa sikiliza, hili ni la kitaalamu. Buluu ilikuwa imechoka sana. Pale ukingoni Helena alipoirudia kazi ya Selma, kwa mishono yake mizuri midogo iliyokaribiana, kitambaa kilikatika kufuata mstari, kama stempu inavyoachana na mwenzake. Pale nilipopita mimi na Selma, mishono mirefu na yenye kuzurura, kitambaa kimeshika. Kitambaa kikuukuu hakitaki kutobolewa mara nyingi. Tulilazimika kuirudia sehemu ya Helena kwa mkono wa Selma. Haya yote nimewaeleza wenzangu kwa kirefu. Hawakuyafurahia kama nilivyotarajia.

Kwa hiyo ujue utakachokiona. Katikati, juu ya gauni la mama yako, kuna mstari unaoanza vizuri na kisha kuelekea kulia bila sababu. Huo ni wangu. Sikuugusa, ingawa ilinibidi niikalie mikono yangu. Vidoto vyeupe viwili havipo, tulivifumua sisi wenyewe miezi ile, na hatuna cha kuweka badala yake. Nilitaka kuomba radhi kwa Justina kuhusu hilo, kisha nikakumbuka kwamba ni yeye aliyetufunza. Bado nina maneno kwake. Yatasubiri.

Furushi limeondoka na treni pamoja na barua hii. Usiliweke kabatini kusubiri siku ya harusi, na usimruhusu mtu yeyote kuliweka juu ya kiti kwa ajili ya kutazamwa. Ukilipokea lifungue, umwite Verna, na mfarishi uutandike kitandani mwake leo.

Mama yako mkubwa,
Aganetha